Kinu cha nyuklia Kenya: ni nani atakuwa na ubavu wa kusema gridi haijawa tayari?

FundiSwichi (mleta uzi)

Wakuu hamjambo. Ule uzi mwingine wa nyuklia nimeusoma mpaka macho yakauma, huyu bomu, yule maendeleo, kurasa kwa kurasa, na hakuna aliyegusa lile ambalo sisi tuliokaa kwenye mitambo ndo linatukosesha usingizi. Nafungua mpya. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kwanza mimi si mtaalam wa atomu, msije mkaniuliza hayo. Ni fundi wa umeme mkubwa, saivi nimestaafu nafuga mbuzi, lakini miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa zamu nikitazama mita ya frikwensi. Gridi yetu, yaani ule mtandao wa mitambo na nyaya wa nchi nzima, inatembea kwa hezi 50, mapigo 50 kwa sekunde. Umeme hauna ghala kama mahindi, unaozalishwa sekunde hii lazima uliwe sekunde hii hii, sasa mtambo mkubwa ukianguka ghafla ile namba inaanza kushuka, 49.8, 49.5, 49.2, na hapo una sekunde chache tu, ama mitambo mingine iwe na akiba ya kuziba pengo ama mashine zikate wateja zenyewe mtaa kwa mtaa kuokoa waliobaki. Yote mawili yakishindikana mitambo mingine nayo inajitoa mmoja mmoja kujilinda, nchi nzima giza. Ni kama kubeba mashua kuishusha majini, mko watu kumi, akiachia yule mwembamba mtagugumia mtaendelea, lakini aachie yule pandikizi la mtu aliyebeba ubavu mzima ndo mtajua.

Mnaikumbuka 25 Agosti 2023? Ijumaa usiku. Kenya Power wakasema mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana kule Loiyangalani umepoteza megawati 270 kwa mpigo na kuvuta mingine yote. Wenye mtambo wakajibu hapana, sisi tulitoka kwa sababu voltiji ya gridi ilipanda kupita kiasi, gridi ndo ilianza. JKIA giza, jenereta ikagoma kuwaka, bosi wa viwanja vya ndege akafutwa. Novemba 11 tena. Desemba 10 tena. Mara tatu ndani ya miezi minne.

Hizo ni 270. Mpango wa nyuklia unaozungumzwa ni megawati 1,000, ujenzi 2027, umeme 2034, mwanzo ilikuwa Uyombo kule Kilifi, sasa macho yamegeukia Siaya upande wa ziwa. Kilele cha matumizi ya Kenya nzima mwaka 2025 kimevuka 2,300 na ushee, tena hicho ni kilele cha jioni watu wanapika wanatazama habari, usiku wa manane kinashuka mno, ndo maana mvuke mwingine wa ardhini wa kuzalishia umeme kule Olkaria huachiwa hewani bure. Kipimo cha mafundi, ambacho hata IAEA lile shirika la atomiki la kimataifa wanacho kwenye miongozo yao, ni mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa mimi siulizi kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Nauliza hivi, siku kinu kimekamilika, mkopo umeanza kudai riba, mheshimiwa amepanga tarehe ya kukata utepe na gridi bado ni hii hii ya kuyumba, ni ofisi gani itasema "hamtii mafuta ya nyuklia humo ndani mpaka gridi itengenezwe" na huyo aliyesema abaki na kazi yake kesho? KNRA wanaangalia usalama wa mionzi na kinu, sheria yao ya 2019. EPRA leseni na bei. KETRACO laini kubwa. Kenya Power wako Juja Road na chumba cha kuongozea gridi. NuPEA ndo wenye kuusukuma mradi. Kila mtu na kipande chake, mwenye kitu kizima simwoni.

Mshale_254

Mzee shikamoo, lakini wazee mnapenda kutukatisha tamaa. 2034 si kesho, matumizi yatakuwa yamepanda, viwanda vitakuja, magari ya umeme. Kila nchi ilianza mahali. Korea Kusini ilikuwa maskini kama sisi leo wanauza vinu.

FundiSwichi

Marahaba kijana. Korea walianza na Kori 1 mwaka 1978, megawati 587, si 1,000. Na walikuwa na viwanda tayari vinapiga kelele vinataka umeme. Wewe unaniambia vitakuja. Laini na mitambo ya akiba lazima vitangulie, mgeni hakaribishwi nyumba haina paa.

Misri ndo mfano mzuri wa Afrika, El Dabaa wanajenga vinu vinne vya 1,200 kila kimoja, lakini gridi yao kilele ni zaidi ya megawati 35,000. Kimoja kikianguka pale ni kama asilimia tatu. Huyo ni yule mwembamba kwenye mashua.

Ngosha_Kanda

Hahaha aisee majirani mtatuua. Nyie si mmeunganishwa na sisi Watanzania saivi kwa ile laini ya Isinya mpaka Singida, kilovolti 400? Tangu Desemba 2024. Maana yake dude lenu likidondoka na Singida tunazima, bibi yangu Iramba hajui hata Siaya iko wapi mita yake ya LUKU ina yuniti mia na giza.

FundiSwichi

Ngosha umetania ila umegonga msumari. Laini ile ina pande mbili. Upande mzuri, gridi zikiungana zinakuwa kubwa, akiba yenu inatusaidia, Uganda nao wamo miaka mingi, na asilimia inashuka. Upande mbaya, kinachoanguka kwetu mnakisikia. Mtu wa kawaida anaona laini kubwa anadhani kila kitu kinapita, kumbe laini nayo ina kiwango chake, megawati 1,000 zikitoka Siaya ghafla umeme utakimbilia kujaza pengo kupitia njia hiyo hiyo, ikizidiwa inajikata, na hapo kila mtu anabaki na gridi yake ndogo katikati ya mtikisiko. Ile ya Ethiopia kuja Suswa ni mkondo mnyoofu (DC), kilovolti 500, zaidi ya kilomita 1,000, ina tabia nyingine, inaweza kusaidia kama imepangwa kusaidia na kama mkataba unaruhusu. Umeme hausomi mkataba lakini waliokaa kwenye swichi wanausoma.

Kwa hiyo na nyinyi mna haki ya kuuliza. Hakuna mdhibiti wa Kenya atakayemfikiria bibi yako asipoambiwa.

Ngosha_Kanda

Sisi angalau bwawa la Nyerere ni 2,115 lakini limegawanywa mashine tisa za 235. Moja ikileta za kuleta zinabaki nane. Na hata hivyo 2024 zilipoanza kuingia gridi ilikuwa inatikisika, na Machi ile wakazima vituo vitano vya maji eti umeme umezidi wakati mtaani kwetu unakatika kwa sababu waya zimechoka 😂 ndo nikaelewa kuwa na umeme na kufikisha umeme ni vitu viwili.

KidauMida

Samahanini mimi si msomi wa haya, mimi ni mvuvi, natega huku karibu na Uyombo. Sisi 2024 tuliandamana mpaka tukala moshi wa polisi. Walipokuja kutueleza walisema kinu kikipata hitilafu kinajizima chenyewe. Sasa mzee kama kinajizima hatari iko wapi? Maana wengine tunapinga kwa ajili ya samaki na msitu, msitu wa Arabuko uko hapo, hori ya Mida iko hapo, maji ya moto yatarudishwa baharini. Hilo la gridi hatukuwahi kuambiwa.

FundiSwichi

Kidau ndugu yangu hili ndo swali la uzi mzima, ngoja nilijibu taratibu.

Ni kweli kinajizima. Ila kuzima kinu si kama kuzima taa. Ukipika pilau kwa makaa, ukiona linataka kuungua unaweza kuacha kuongeza makaa, lakini yale yaliyomo jikoni bado mekundu, si ndiyo? Kinu kinachotoa megawati 1,000 za umeme ndani yake kina joto la kama megawati 3,000. Dakika ile kinapozimwa bado kinabaki na asilimia sita au saba ya joto, yaani kama megawati 200, linapungua saa kwa saa lakini siku nyingi bado lipo. Joto hilo lazima liondolewe na maji. Maji yanasukumwa na pampu. Pampu zinataka umeme. Umeme unatoka wapi wakati chenyewe kimezima? Unatoka kwenye gridi! Kinu kinalisha gridi, kikiugua gridi ndo inakinywesha uji.

Gridi isipokuwepo kuna jenereta za dizeli. Zipo, zinafanya kazi. Ila Fukushima 11 Machi 2011 tetemeko lilikata laini za umeme wa nje, vinu vikajizima sawasawa, dizeli zikawaka sawasawa, baada ya kama dakika 50 tsunami ikaja ikazizamisha. Vinu vilivyokuwa VIMEZIMWA ndo vikayeyuka. Kule Zaporizhzhia Ukraine vinu sita vyote havizalishi kitu lakini bado dunia nzima inahesabu laini ngapi za nje zimebaki, Septemba 2025 walikaa kama mwezi mzima kwa dizeli tu.

Kwa hiyo nchi yenye gridi inayoanguka mara tatu kwa miezi minne, kila ikianguka unakiambia kinu "jitegemee kwa dizeli". Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Mhandisi wa usalama anahesabu mara ngapi kwa miaka 60.

Na jenereta ya dharura isiyowaka si hadithi ya kutunga, tuliiona uwanja wa ndege ile Agosti.

Mshale_254

Hapo kwa JKIA nimenyamaza 😅

Lakini mzee vinu vidogo je? Saivi kuna vya megawati 300 kushuka. Tatizo la asilimia linaisha.

FundiSwichi

Linapungua sana, na ningekuwa mimi ningeanzia huko. Ila vinavyofanya kazi kibiashara duniani ni vya kuhesabu, Warusi wana kile kinachoelea cha mashine mbili za 35, Wachina wana cha Shidao Bay karibu 200. Vingine vingi bado vitabu na picha nzuri. Kuwa wa kwanza kununua kitu kipya na mdhibiti wako naye ni mpya, hmm.

Mwenda_Ohio

Nachangia kutoka huku. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Marekani ile Agosti 14, 2003, niko kazini kiwanda kikanyamaza pwaa, tukadhani ni magaidi. Watu milioni 50 hivi, Marekani na Kanada. Chanzo? Kampuni moja ya umeme ya huku Ohio, laini zilipata joto zikalegea zikagusa miti, na programu ya kengele kwenye chumba cha uongozi ilikuwa imekufa, vijana wanatazama skrini wanaona shwari kumbe nyumba inaungua. Vinu tisa vya nyuklia vya Marekani vilijitoa siku ile. Vikajizima salama, dizeli zikashika.

Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba kabla ya hapo kanuni za kuilinda gridi zilikuwa za hiari!! Kampuni inaambiwa tafadhali kata miti. Sheria ya 2005 ndo ikazifanya lazima, na faini juu. Ilibidi watu milioni 50 wakae giza kwanza.

Na kwenye nyuklia, hawa zamani walikuwa na tume moja tu, ya kukuza atomu na kuidhibiti humo humo. 1974 Bunge likaipasua, NRC ikaanza Januari 1975 kazi yake kudhibiti tu. NRC wanataka kituo kiwe na angalau njia mbili za umeme wa nje kabla hakijawasha kitu. Makamishna watano, si mtu mmoja. Ila msidhani huku ni peponi, Mei 2025 rais amesaini amri leseni mpya ziamuliwe ndani ya miezi 18, Juni akamfuta kamishna mmoja kabla ya muda wake. Watu wa kompyuta za akili bandia wanataka umeme na wana haraka. Wengine wanasema NRC walikuwa wazito mno na kweli walikuwa wazito, makaratasi yao yangejaza lori. Lakini mwamuzi akijua atatolewa uwanjani na mwenye timu, penalti anaiona kwa jicho moja.

Mwalimu_Arusha

Mchango mzuri sana. Niongeze la kwetu. Huku Arusha tuna TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, sheria namba 7 ya 2003, na sheria hiyo hiyo imewapa kudhibiti matumizi ya mionzi na pia kuhamasisha teknolojia ya nyuklia. Kwa mashine za eksirei na kupima mionzi kwenye vyakula sioni shida kubwa, wanajitahidi. Ila sisi nasi tumeshaanza, Mkuju kule Namtumbo mtambo wa majaribio wa urani ulizinduliwa Julai 2025, na maneno ya kinu yanasikika. Siku ikifika ya kinu cha umeme kazi hizo mbili haziwezi kukaa chungu kimoja. Japani ndo walilipia hilo somo, mdhibiti wao wa zamani alikuwa chini ya wizara ile ile ya uchumi na viwanda iliyokuwa inauza nyuklia kwa wananchi. Kamati ya uchunguzi ya Bunge lao ikasema wazi janga lile lilitengenezwa na binadamu. Septemba 2012 wakaunda mamlaka mpya nje ya wizara hiyo.

Kenya kwa hili mko mbele, mmetenganisha NuPEA na KNRA tangu 2019. Kwenye karatasi.

Mama_Kapetauni

"Kwenye karatasi" 👆🏾 nipo Kapetauni, Afrika Kusini, mwaka wa tisa, Koeberg iko kama kilomita 30 kutoka ninapolala, ndo kituo pekee cha nyuklia Afrika kinachozalisha umeme. Mdhibiti wa huku NNR ana sheria nzuri, mpaka kwenye bodi lazima awepo mtu wa kuwakilisha jamii. Sasa 2022 yule mwakilishi akasema hadharani ana mashaka na nyuklia, waziri wa nishati, ambaye ni yeye huyo huyo anayetaka nyuklia zaidi, akamtoa kwenye bodi. Akaenda mahakamani, 2023 mahakama ikasema kumtoa haikuwa halali. Kwa hiyo sheria ilifanya kazi ila ilibidi mtu awe na moyo wa kwenda kortini na mawakili, wangapi wanao?

Na Koeberg ni mashine mbili za 930 hivi. Miaka ya mgao, moja ikifungwa kwa ukarabati tulikuwa tunahesabu saa za giza kwa siku. Kwa hiyo kila kukicha presha, washeni, washeni. Hapo ndo mdhibiti anapopimwa, si siku ya semina hotelini. Mashine zote mbili zikaruhusiwa miaka 20 zaidi, ya kwanza 2024 ya pili 2025. Mimi nalala usingizi lakini nalalia upande mmoja.

FundiSwichi

Mama Kapetauni umenisaidia kusema nilichokuwa nakizunguka. Gridi dhaifu ndo inamdhoofisha mdhibiti. Hilo ndo langu. Watu wanadhani ni mambo mawili, huku kuna usalama wa nyuklia kule kuna blekauti. Kumbe nchi ikiwa na umeme wa kutosha na akiba, mdhibiti akisema "zima tukague" inazimwa, hakuna anayejua hata. Nchi ikiwa kinu kimoja ni theluthi ya umeme wote, akisema "zima" amezima hospitali, amezima viwanda, simu zinaanza kupigwa kutoka juu. Nimewahi kuwa zamu usiku transfoma inachemka, kitabu kinasema itoe, simu inasema iache hadi asubuhi kuna mgeni wa serikali mjini. Tuliiacha. Kituo sikitaji. Haikulipuka, na ndo ubaya wake, kila mtu akajifunza kwamba kitabu kinaweza kungoja.

Ile ilikuwa transfoma tu.

Mshale_254

Mzee hiyo story ungeanza nayo.

Sasa tufanyeje, tusubiri mpaka gridi iwe kama ya Ujerumani? Maana hata Hispania na Ureno walizima 28 Aprili 2025 mchana kweupe, na wana nyuklia.

FundiSwichi

Walizima kabisa. Vinu vinne vilivyokuwa vinafanya kazi Hispania vikajitoa, dizeli zikashika, hakuna aliyeguswa na mionzi. Ila tazama kilichofuata, jopo la waendesha gridi wa Ulaya likakaa na data za sekunde kwa sekunde na Oktoba wakatoa ripoti ya nini kilitokea, mtu yeyote anaifungua anasoma. Sisi ya Agosti 2023 tulibaki Kenya Power anasema upepo, upepo anasema Kenya Power. Mimi sitaki gridi ya Ujerumani, nataka ile tabia ya kuandika kilichotokea na kukiweka mezani kabla hatujaleta mgeni mkubwa.

KidauMida

Sasa mzee wakija tena, iwe huku ama kwa ndugu zetu Siaya, tuulize nini? Maana wakija wanakuja na maprojekta na soda.

FundiSwichi

Soda kunyweni. Afu waulizeni mtambo ni megawati ngapi na siku ya kuwashwa gridi itakuwa megawati ngapi usiku wa manane, si jioni. Waulizeni kinu kitapata umeme wa nje kwa njia ngapi na kama njia hizo zinapita nguzo moja, maana laini mbili juu ya mnara mmoja ni laini moja. Dizeli za dharura zitakaa siku ngapi bila kujazwa na zitajazwa kwa barabara ipi mvua ikinyesha. Na waulizeni KNRA, si NuPEA, waambieni mnamtaka mtu wa KNRA mwenyewe asimame: ukikataa kutoa leseni kwa sababu ya gridi, nani anaweza kukulazimisha, na bosi wako anateuliwa na nani na anaondolewaje. Majibu yaandikwe.

Na blekauti zote za nchi tangu 2023, ripoti zake ziko wapi.

Ngosha_Kanda

Ongezea na Singida tutajulishwa na nani. Bibi hana WhatsApp.

KidauMida

Nimenakili. Ila mzee hapo kwa megawati ulimi utanikwama mbele ya watu, nitamwachia mwalimu wa shule. Mimi nitauliza lile la barabara na dizeli, maana mvua za masika hata bodaboda ya samaki hukwama huku.